Jino la Mtoto wa Sajenti

Wauguzi wadogo wa kliniki waliponiaga, walinipa daftari lenye jalada gumu wakaniomba niandike mambo ya zamani. Nadhani walitaka habari za wanajeshi. Watanisamehe. Miaka ile ya utawala wa kijeshi, watu wengi Kampala walikuwa wakitazama nyuma kuona nani anawafuata. Mimi nilikuwa nikitazama vinywa vya watoto, na ninachokikumbuka kuliko vyote ni fizi.

Nilizaliwa kwenye nyumba za polisi. Baba alikuwa koplo kutoka kaskazini, mama alitoka upande mwingine kabisa wa nchi, na lugha waliyokutania ilikuwa Kiswahili. Wenzangu shuleni waliiona lugha hiyo ni ya kambini, lugha ya kumwamrisha mtu alale chini. Kwetu ilikuwa lugha ya kumbembeleza mtoto alale. Neno ni lilelile, ila sauti ndiyo inayotofautiana.

Kazi nilianzia Kisugu, kwenye kliniki ya watoto yenye vyumba viwili, paa la bati na mabenchi manne. Nilikuwa na cheti kipya, viatu vyeupe vilivyonibana na uhakika mwingi. Aliyenipokea ni Sista Nakku, Muganda mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea viatu. Alizungumza Kiswahili cha kujifunza ukubwani, herufi za r na l zikibadilishana viti mdomoni mwake. "Kalibu, Kalolina," aliniambia, nami Karolina nikaitwa Kalolina mpaka siku aliyostaafu. Alinionyesha vifaa: mizani ya kuning'inia yenye kikaptura cha turubai cha kumvika mtoto, vipimajoto viwili, tochi, kijiko, na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano. Kisha akaniachia benchi la kwanza.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa miezi saba. Mama yake, Mkongo aliyeuza vitenge soko la Nakivubo, alikuwa na macho mekundu.

"Mutoto alikuwa analala muzuri," akasema. "Sasa siku ine, kila saa anaamuka, analia. Juu ya nini?"

"Meno, mama," nikajibu bila hata kumgusa mtoto. Kitabu changu kilikuwa na jedwali la umri na meno, na nilikuwa nimelikariri. Nikaandika kwenye kadi: *meno*.

Sista Nakku aliichukua ile kadi akalitazama neno langu kama mtu aliyeona nzi kwenye chai. Akamchukua mtoto, akamkalisha pajani. Kimya. Akamlaza chali. Kilio. Akamkalisha tena. Kimya. Halafu akagusa kidogo mbele ya sikio la kushoto, na mtoto akapiga ukelele uliowageuza watu wa mabenchi yote manne.

"Akirala analia, akikaa ananyamaza," Sista akasema. "Hiyo ni sikio, Kalolina. Leta tochi."

Kweli, sikio lilikuwa limejaa usaha. Mama alipewa dawa, na mimi nikapewa somo palepale mbele ya watu. "Mtoto hana meno tu," Sista aliniambia. "Ana masikio, ana tumbo, ana nyumba. Ukimaliza kuangaria vyote, ndiyo useme meno."

Tangu siku ile nilifuata mpangilio wake, na nawaachia nyinyi mlio kazini sasa, maana jedwali la kitabu bado lipo na bado linadanganya wenye haraka. Nawa mikono. Pitisha kidole kwenye ufizi: ukiwa umevimba na mgumu, jino liko njiani. Angalia masikio. Bonyeza tumbo. Pima joto, na likiwa kali usilisingizie jino. Jino humchokoza mtoto, halimuunguzi. Mwisho uliza kuhusu nyumba, na hapo usiwe na haraka.

Akina mama waliniuliza kila wiki kwa nini mtoto aliyekuwa akilala usiku kucha aanze ghafla kuamka. Jibu langu lilikuwa hivi. Jino linaposukuma, ufizi unauma mchana na usiku, lakini mchana mtoto ana mambo mengi. Anabebwa, kuna kuku wa kuwatazama, kuna dada wa kumvuta nywele. Usiku anabaki yeye na ufizi wake. Na katika miezi hiyohiyo ndipo akili yake inapofunguka: anajifunza kujigeuza, na anagundua kwamba mama ni mtu anayeweza kuondoka. Akizinduka kidogo, anahakikisha kama yupo. Anahakikisha kwa sauti.

Miaka ile kilio hicho hakikuwa jambo dogo. Giza likishaingia watu walifunga milango na kuzima taa, maana barabarani kulikuwa na watu ambao hukutaka wajue kwamba uko macho. Mtoto mmoja aliyeota jino aliweza kuitetemesha nyumba nzima. Akina mama walikuja asubuhi wakiomba kitu cha kumnyamazisha, chochote kile. Madukani hakukuwa na sukari wala sabuni, na zile poda za meno ya watoto zilizokuwa zikiuzwa zamani zilikuwa zimetoweka pamoja na wenye maduka, Wahindi waliofukuzwa nchini. Hilo la poda nililipokea vizuri. Hazikuwa na faida yoyote, na sikuwa na njia nyingine ya kuziondoa.

Kulikuwa na jambo baya zaidi ya poda. Watu wengi waliamini kwamba mtoto akisumbuka sana ana meno ya uongo, meno mabaya yaliyojificha ndani ya ufizi, na ni lazima yachimbwe. Waliyachimba kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Walichokitoa hakikuwa cha uongo; kilikuwa jino halisi la mtoto, changa, jeupe, laini, likisubiri zamu yake. Mwaka wangu wa pili tuliletewa mtoto aliyechimbwa siku mbili kabla, uso umevimba, damu imemwishia. Hatukuweza kumwokoa. Sista Nakku aliingia chumba cha pili akafunga mlango, na alipotoka miwani ilikuwa mkononi. Sitaandika zaidi kuhusu mtoto yule, ila mjue kwamba nilikuwa nimemwona kabla ya siku ninayotaka kuisimulia.

Siku hiyo ilikuwa asubuhi ya kliniki ya kupima uzito, mabenchi yamejaa. Gari la jeshi likasimama mlangoni. Maongezi yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Akashuka sajenti mrefu, viatu vinang'aa, macho yamezama. Nyuma yake alikuja mke wake, msichana mwenye haya aliyeitwa Asunta, akiwa na mtoto mgongoni, na nyuma ya Asunta shangazi wa sajenti, mama wa makamo mwenye shingo ndefu na mwendo wa mtu aliyezoea kupishwa njia.

"Nani iko mukubwa hapa?" sajenti akauliza.

Sista Nakku, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa, alinyoosha kidole kwangu. "Huyu, afande. Kiswahili chake ni kizuli."

Sajenti akanigeukia. "Mutoto hapana lala siku tano. Mimi hapana lala. Bibi yangu hapana lala. Leo asubuhi mimi napiga saluti kwa afisa na mukono ya kushoto." Akanitazama kuona kama nimeelewa uzito wa jambo hilo. "Shangazi nasema mutoto iko na meno ya uongo. Tunaenda Kamwokya, iko muzee moja natoa. Bibi nasema kwanza tupime kilo."

Nilimtazama Asunta. Alikuwa ameinamisha kichwa, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika kitambaa cha mbeleko kwa nguvu. Hakuja kupima kilo. Alikuwa amejipatia nusu saa, basi, na nusu saa hiyo alikuwa ameileta kwangu.

Nilinawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikifikiri. Mtoto aliitwa Rajabu, miezi saba, mnene, wa kwanza baada ya miaka ya kungoja. Ufizi wa chini ulikuwa umevimba mahali pawili, mgumu kama punje ya mahindi. Pembeni, chini ya ngozi, kulikuwa na kivuli cheupe, kile ambacho mzee wa Kamwokya angekichimba. Masikio safi. Tumbo laini. Joto la kawaida. Ikabaki nyumba.

"Asunta, mtoto analala wapi?" nikauliza.

"Nalala kitanda," akajibu sajenti.

"Ananyonya mara ngapi?"

"Mara mingi," akajibu sajenti.

Sista Nakku alikuwa akisikiliza kutoka kwenye mizani. "Afande!" akaita. "Wewe ni mlefu. Njoo unishikie mizani hii, ndoano yake inaregea."

Ndoano ilikuwa imara kabisa. Sajenti alisita, lakini sauti ya Sista ilikuwa ile ambayo hata majenerali waliisikia utotoni. Akaenda, akainua mkono, akashika. Sista akaanza kumvika kikaptura mtoto mmoja baada ya mwingine na kumtundika, na akina mama, ambao dakika kumi nyuma walikuwa hawapumui, wakawa wanapanga foleni mbele ya mwanajeshi. Mtoto wa tatu alimkojolea mkono wa shati, kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko.

Mimi nikasogeza kiti changu karibu na Asunta. "Sema sasa, dada. Nyumbani kuna nini kipya?"

Akaongea kwa kunong'ona. Walikuwa wamehama wiki iliyopita. Zamani waliishi chumba kimoja kambini, yeye, mume na mtoto, kitanda kimoja. Sasa sajenti amepewa nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa, nyumba ya vyumba vinne. Katika chumba kimoja walikuta kitanda kidogo cha chuma cheupe, na ndege wamechorwa ukutani.

"Akasema mutoto ya sajenti atalala chumba yake, kama mutoto ya tajiri," Asunta alisema. "Mimi nalala huko mbali. Nikisikia analia, natembea na ukuta. Taa hakuna. Nikifika, amelia mpaka sauti imeisha."

Niliwafikiria ndege wale, na mtoto ambaye walichorwa kwa ajili yake, aliyekuwa sijui nchi gani wakati huo. Kisha nikamfikiria Rajabu, aliyelala miezi yake yote akisikia moyo wa mama yake, halafu wiki moja akapata meno mawili na chumba kitupu chenye mwangwi. Hata mimi ningeamka.

Nikamgeukia shangazi. Yeye alikuwa amefika siku tatu tu kabla ya hapo, akapewa chumba cha uani. "Shangazi, samahani nikuulize. Kwenu mtoto wa miezi saba analala wapi?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza maji yanapatikana wapi. "Kwa mama yake! Unafikiri iko mbuzi?"

"Huyu analala chumba chake. Peke yake."

Shangazi akamtazama Asunta. Asunta akakubali kwa kichwa. Shangazi akasimama, akajifunga kanga upya kiunoni, akatembea hadi kwenye mizani. Alianza kwa lugha yao, na sikuelewa neno hata moja, lakini kila mtu mle ndani alielewa yote. Alionyesha ukuta kwa mkono, akaiga kitanda kidogo, akaiga mtoto anayetafuta ziwa na kukuta chuma. Sajenti hakuweza kuachia mizani kwa sababu ilikuwa na mtoto wa mtu. Alisimama hivyohivyo, mkono juu, shati linadondosha mkojo, akikaripiwa mbele ya wanawake thelathini.

Mwanamke mmoja akacheka. Ilimtoka tu, akaziba mdomo haraka. Sote tuliganda. Miaka ile watu walipotea kwa mambo madogo kuliko hilo. Sajenti aligeuza kichwa polepole akamtafuta aliyecheka. Halafu akatazama mkono wake uliolowa, akatazama mtoto anayebembea kwenye kikaptura, na bega lake likaanza kutikisika. Alicheka mpaka Sista Nakku akalazimika kumshikilia mtoto asianguke, na kliniki nzima ikalipuka.

Lakini shangazi hakuwa mtu wa kuacha jambo moja kwa ajili ya jingine. Alirudi akakaa. "Chumba ni makosa yake. Sawa. Na meno?"

Nikamwambia anawe mikono. Nikakishika kidole chake nikakipitisha kwenye ufizi wa Rajabu, mahali penye uvimbe. "Haya mawili yanatoka karibuni. Ndiyo yanayomuuma." Kisha nikakipeleka pembeni. "Na hiki cheupe ni jino lake la baadaye, shangazi. Bado limelala. Ukilichimba, hujatoa ugonjwa, umetoa jino." Halafu nikamweleza, kwa sauti ya chini, habari za mtoto tuliyempoteza. Sikupunguza wala kuongeza. Aliacha kidole chake mdomoni mwa Rajabu muda wote niliokuwa nikisema, na Rajabu alikitafuna kwa furaha.

Sajenti alikuwa amefika nyuma yetu. "Siku ngapi?" akauliza.

"Nipe siku tatu, afande. Spoki isimguse."

"Na kama hapana pona?"

"Utanikuta hapa."

"Ndiyo," akasema, bila kucheka tena. "Nitakukuta."

Niliwapa maagizo ambayo nimeyatoa maelfu ya mara tangu hapo. Kitanda cha chuma kihamie ubavuni mwa kitanda cha mama. Kitambaa safi kilowekwe kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa mtungini, mtoto akitafune. Kidole safi kimsugue ufizi kabla ya kulala. Akiamka, mama amguse na aseme naye kabla ya kumnyanyua. Mara nyingine mtoto anataka jibu tu, hataki ziwa. Wakaondoka, na gari halikupinda upande wa Kamwokya. Sista Nakku alilitazama hadi likapotea. Kisha akaniambia nikae chini ninywe maji, maana nilikuwa nimekuwa rangi ya majivu.

Siku ya tatu, saa nane mchana, tulikwenda wote wawili. Sista hakutaka niende peke yangu; alisema ana hamu ya kuona ndege wa ukutani. Nyumba ilikuwa kubwa, mapazia yamefungwa, na hatukusikia sauti yoyote, si ya mtoto wala ya mtu mzima. Nikabisha. Mlango ukafunguka kidogo. Sajenti alisimama pale na fulana, miguu mitupu, akaweka kidole mdomoni. Akatupa ishara tuingie.

Nilimfuata kwenye ukumbi mrefu wa ndani. Akasukuma mlango wa mwisho. Asunta alikuwa amelala kitandani, mkono wake mmoja umepita kati ya fito za kitanda cha chuma, na kwenye kiganja chake kilikuwa kisigino cha Rajabu, naye amelala. Shangazi alikuwa kwenye mkeka chini, kichwa nyuma, kinywa wazi, anakoroma taratibu. Mchana kweupe, na nyumba nzima ikilipia usingizi wa wiki nzima.

Sajenti aliinua vidole viwili mbele ya uso wangu. "Meno mbili," akanong'ona. "Shangazi nagonga na kijiko. Nalia *ti, ti*." Macho yalikuwa yamemjaa maji. Kisha akauliza kwa unyenyekevu mkubwa, kama mtu anayeomba likizo: "Sasa mimi pia naweza kulala?"

"Rala, afande," Sista Nakku akamwambia. "Rala."

Alitupigia saluti, kwa mkono wa kulia.

Baada ya hapo shangazi aliongeza muda wake mjini. Siku ya kliniki iliyofuata alifika Kisugu na wake kumi na mmoja wa askari, watoto mgongoni, wametembea kwa mstari kama gwaride, na akakaa benchi la kwanza kusimamia. Mama yeyote aliyetaja spoki alijibiwa na shangazi kabla yangu, kwa lugha nne, zote mbovu isipokuwa yake. Alifanya kwa miezi miwili kazi ambayo mabango yetu yasingeifanya kwa miaka. Vita vilipokuja na utawala ule ukaanguka, familia ile iliondoka na wengine. Sijui waliishia wapi. Natumaini Rajabu ana meno yake yote.

Nina jambo moja la mwisho, nalo linanihusu mimi, na Sista Nakku alinikataza kulificha.

Mwaka wa mwisho wa utawala ule nilijifungua binti. Akiwa na miezi saba, baada ya kulala vizuri muda wote, alianza kuamka. Nilifuata mpangilio. Ufizi ulikuwa umevimba kidogo tu. Masikio safi, tumbo laini, joto hakuna. Kitanda chake kilikuwa ubavuni mwangu. Nyumba haikuwa imebadilika. Nilijaribu kitambaa, nikajaribu kidole, nikajaribu kumsemesha. Aliamka mara nne, mara tano, na kila mara aliponiona alitabasamu, jambo lililoniudhi kupita kiasi. Wiki ya pili nilimwambia mume wangu kwamba labda sijui kazi yangu.

Jumapili Sista Nakku alikuja baada ya kanisa. Alimkagua binti yangu kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, nami nikisimama pembeni kama mama wa benchi la kwanza. Akamrudisha pajani pangu.

"Umerudi kazini rini?" akauliza, kana kwamba hajui.

"Wiki mbili zilizopita, Sista."

"Unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Narudi jioni."

Akavua miwani, akaifuta, akaanza kucheka. "Kalolina! Mchana kutwa unashika watoto wa watu. Huyu hana kitu. Usiku ndiyo zamu yake."

Binti yangu alinitazama akatabasamu, fizi tupu, wala hakuwa na haya. Tangu siku ile niliacha kuhesabu mara alizoamka. Nilikuwa nasogea, namvuta karibu, tunaongea kidogo, tunalala. Kazini nilisinzia kwenye mizani zaidi ya mara moja na sikujali. Mume wangu alisema jino lenyewe lilitoka Jumanne. Mimi nililiona Alhamisi.